Mbegu Haina Upande
Jioni moja hapa Bwizibwera, Uganda, niliwakuta wazee wawili wameinamia ubao wa omweso, mchezo wetu wa mbegu: mashimo 32, mbegu 64 nyeusi zinazong'aa kwa kushikwashikwa, na watazamaji wajuaji kuliko wachezaji. Mbegu za mpinzani ukizila huzitupi; unazipanda upande wako, na papo hapo zinakupigania. Hakuna mbegu njema wala mbaya. Nikakumbuka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo unaigiza shujaa au mchawi na dadu ndiyo mwamuzi. Humo kila mhusika ana msimamo wake wa maadili. Mwanzoni ilikuwa mitatu, wa sheria, wa vurugu na wa katikati. Kufikia 1978 ikawa tisa, wema na ubaya vikiwa vimeongezwa. Zamani ukibadili msimamo ulishushwa ngazi! Sasa huyu Sungura wetu wa hadithi tumweke kisanduku gani? Anamwibia Simba asali, anamponza Fisi, na watoto wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongo kwa Warundi, wanamshangilia. Toleo la 2014 la mchezo huo wa Marekani liliuacha msimamo ubaki karibu jina tu. Kwangu mimi watungaji wake walichelewa. Kanuni iseme tendo linagharimu nini, basi, dhamiri ibaki kwa mchezaji. Wale wazee? Mmoja alimfilisi mwenzake bila huruma, akamhesabia tena mbegu 32, wakaanza upya.