Muuza Dawa na Vidonge Viwili

Katika kijiji kama Miteja, pwani ya Kilwa, mama ambaye mtoto wake ameshikwa na malaria huenda duka la dawa na fedha kidogo mkononi, akaomba vidonge viwili tu. Muuzaji akikataa, watu husema hana huruma. Sivyo. Dawa ya mseto, iliyoenea Tanzania tangu mwaka 2007, huliwa siku 3, mara 2 kila siku, kwa kadiri ya uzito wa mgonjwa. Mtoto aliyekula kidogo hupata nafuu, akacheza. Kumbe vijidudu vilivyosalia mwilini huongezeka, na homa hurudi.

Maduka ya dawa muhimu yalianza Ruvuma mwaka 2003, ili watu walio mbali na hospitali wauziwe dawa na mtu aliyefundishwa. Lakini mafunzo peke yake hayatoshi. Vidonge vya mseto vyapasa kuwekwa mahali ambapo joto halipiti digrii 30, na duka la bati lisilo na dari huwaka mchana kama tanuri. Muuzaji aliyetia dari astahili sifa kuliko yule aliyepaka mlango rangi nzuri. Tena dawa iliyopita tarehe yake na iondolewe, ijapokuwa hasara ni yake. Hapo ndipo uaminifu huuma, kwani hakuna amwonaye.

Na yule mama? Haifai arudi mikono mitupu. Heri apewe dawa yote, na deni liandikwe daftarini, kama waandikavyo wauza unga na sukari.