Kuungua Bila Kuskia Uchungu Si Ushujaa

Wasee, kuna kitu kinanikera. Mtu akisema "uti wa mgongo unanisumbua", anaongelea nini haswa? Mfupa, ama ile kamba ya neva inayopita ndani ya mfupa ikitoka kwa ubongo? Zote mbili tumezipea jina moja. Na maoni yangu ni kwamba hilo jina moja linaumiza watu, juu unapimwa mfupa, unaambiwa "uti wako uko sawa", na kumbe kamba ya ndani hakuna mtu ameiangalia.

Niliacha chuo mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea udaktari, kwa hivyo usinichukulie daktari. Kuacha chuo si kuacha kusoma, na hii nimeisoma sana kwa sababu ya anti yangu. Anti huuza chapati. Wateja walikuwa wanamsifu ati ana mkono wa chuma, anageuza chapati kwa vidole na hashtuki. Ukweli ni kwamba alikuwa haskii moto. Malengelenge alikuwa anayaona jioni akiosha mikono. Jirani mmoja akasema ni ukoma, mwingine akasema amefanyiwa kitu. Alipoanza kuumwa na shingo, kituo kimoja cha afya kikampiga eksirei, kikamwambia mgongo hauna shida. Hakuna mtu aliuliza kuhusu mikono. Miaka miwili baadaye ndio MRI ikaonyesha shimo lenye maji ndani ya ile kamba ya neva, pale shingoni.

Hiyo kitu inaitwa siringomielia. Jina lilitolewa na daktari Mfaransa, Ollivier d'Angers, mwaka wa 1827, kutoka kwa maneno ya Kigiriki ya bomba na uboho. Ni bomba kweli: maji yanajikusanya katikati ya kamba, shimo linarefuka na kupanuka, na neva zilizo karibu zinafinywa pole pole. Neva zinazobeba habari ya uchungu na joto huvuka upande wa pili hapo hapo katikati, kwa hivyo ndizo huumia kwanza. Zile za mguso hupanda kwa nyuma, na mara nyingi hubaki salama. Ndiyo maana mtu anaweza kuskia ukimgusa mkono lakini asiskie chai ya moto ikimwagika juu yake. Ganzi hiyo mara nyingi inakaa mabegani na mikononi, kama mtu amejifunika leso. Baadaye misuli ya mikono inaweza kuisha nguvu.

Huyo jirani wa ukoma simcheki. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ulaya wenyewe walibishana kuhusu magonjwa haya mawili, juu yote yanaweza kuharibu vidole bila mtu kuskia uchungu. Lakini ukoma kawaida huja na mabaka kwenye ngozi ama neva zilizovimba, na sehemu yenye ganzi hupoteza hata mguso. Tofauti hiyo unaweza kuitafuta bila mashine yoyote. Unahitaji pamba, pini safi, na kitu baridi. Dakika tano tu.

Hapo ndipo nasimama. Najua mtasema MRI ni ghali na haiko kila mahali. Ni kweli, na sisemi kila anayeumwa na mgongo apelekwe MRI. Maumivu mengi ya mgongo ni misuli tu, yanaisha yenyewe. Lakini hiyo ndiyo sababu zile dakika tano zina maana: ndizo zinaonyesha nani anahitaji MRI kweli. Eksirei inaonyesha mfupa. Haiwezi kuonyesha maji ndani ya kamba, hata uirudie mara kumi.

Na hata MRI ikishaonyesha shimo, bado kazi haijaisha. Kusema "kuna shimo" ni kusema tu kile umeona. Swali ni limetoka wapi. Mara nyingi chanzo ni hali inayoitwa Chiari, iliyopewa jina la Hans Chiari aliyeieleza mwaka wa 1891: sehemu ya chini ya ubongo inashuka kwenye tundu la fuvu na kuzuia maji ya ubongo kupita vizuri. Wengi huhesabu milimita 5 kushuka chini kama mpaka. Lakini pia inaweza kuwa ajali ya zamani, makovu ya homa ya uti wa mgongo au TB, ama uvimbe. Kwa hivyo picha ya shingo peke yake haitoshi. Lazima waangalie pale ubongo unapokutana na shingo, na wakishuku uvimbe, wapige tena na dawa ya kung'arisha picha.

Upande wa pili pia upo. Kuna watu wana kijifereji chembamba tu katikati ya kamba, cha milimita moja au mbili, walizaliwa nacho na hakiwasumbui. Kuwatisha ati wana ugonjwa mkubwa ni makosa vile vile.

Kwa nini nakazana hivi? Upasuaji, kama ule wa kupanua nafasi chini ya fuvu, unaweza kusimamisha shida isiendelee. Lakini ganzi na nguvu zilizokwisha potea mara nyingi hazirudi zote. Kila mwezi wa kuambiwa "uko sawa" una bei yake.

Kwa hivyo ukiona mtu wako anaungua bila kujua, ama kichwa kinamuuma kwa nyuma akikohoa, ama mikono inakonda, msimsifu na msimwombee tu. Mpelekeni hospitali, na mkifika muulize wazi: mmeangalia mfupa, ama mmeangalia kamba?