Aliyetwaa Injini na Atwae Breki

Waswahili wana methali mbili zisizokaa nyumba moja. Moja husema ya kale ni dhahabu. Nyingine husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila mwenye hoja dhaifu huokota mojawapo akaifanya ngao. Na ni nadra methali hizo kutumiwa vibaya kuliko zinavyotumiwa penye lori kuukuu lililoinuliwa juu ya magogo, magurudumu yamevuliwa, fundi yu chini yake mgongo chini, na ubavuni pake limewekwa gari jingine, dogo kwake kwa miaka ishirini au thelathini, likingoja kuchinjwa.

Kuchinja ni neno la gereji. Gari lililopinduka, au lililooza bodi ilhali injini yake i nzima, huchinjwa: hutolewa injini, giaboksi, difu, usukani, rejeta na nyaya, vikaingizwa katika mwili wa gari jingine lililokwisha nguvu. Kazi hiyo hufanyika Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, kama ifanyikavyo katika kila mji wa Tanzania wenye mazao ya kubeba na njia za vumbi. Haina waandishi wala wasifu. Ina wasemaji wabaya wa aina tatu, na yafaa kila mmoja apewe jibu lake, kwani maneno yao hayaishii gereji.

Wa kwanza ni muuza chakavu. Yeye husema: lori limekula chumvi yake, lipelekwe kwenye mizani, liuzwe kwa kilo, liyeyushwe liwe nondo. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, hoja yake imepata sauti. Magari yaliyokuwa yakipanga foleni kungoja kivuko sasa huvuka ghuba kwa dakika chache. Semitrela zenye magurudumu ishirini na mawili hupita bila kusimama. Ya nini basi kuhangaika na gari la babu?

Jibu ni kwamba daraja limefupisha njia ya Mwanza. Halikufupisha njia ya shambani. Sengerema na jirani yake Buchosa ni nchi ya mizigo midogomidogo iliyotawanyika: pamba, mpunga, mihogo, mananasi, dagaa wa mialoni, mchanga na matofali. Semitrela haiingii katika kijia cha ng'ombe kwenda kupakia magunia arobaini ya mpunga. Hata zamani, lori la wastani ndilo lililolishika zao hilo mkono. Shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, lilikuwa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Lakini kiwanda bila lori la kuifuata pamba ghalani kwa mkulima ni nyumba ya mashine tu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976. Haja ya lori haikuvunjwa. Anayelipeleka lori zima kwenye mizani ya chakavu kwa sababu injini imekufa huuza nyumba kwa kuwa kitasa kimeharibika, kisha huenda kukopa fedha za kununua gari ambalo injini yake huendeshwa na kompyuta, na siku likizima Nyehunge hapana wa kulifungua.

Wa pili ni mlinzi wa asili. Huyu mara nyingi hana lori. Ana picha ya lori. Yeye hupenda Bedford liwe Bedford hadi njugu ya mwisho, na akiliona limewekewa injini ya Kijapani hutikisa kichwa na kulitaja kuwa mwanaharamu. Kwa maoni yake ni heri lisimame likiwa safi kuliko litembee likiwa limechanganyika.

Mtu wa visiwani anapaswa kuwa wa mwisho kusadiki maneno hayo. Jahazi huundwa juu ya mkuku. Juu ya mkuku husimama mataruma, juu ya mataruma hupigiliwa mbao, na kati ya mbao na mbao hutiwa kalafati. Ubao ukioza, hung'olewa ukapigwa mwingine. Tanga likichanika, hushonwa jingine. Mlingoti ukivunjika, hutafutwa mti. Baada ya miaka mingi huenda usisalie ubao hata mmoja kati ya zile za siku ya kushushwa maji, na bado watu wa pwani huliita jahazi kwa jina lake lilelile, wala hapana nahodha aliyewahi kukosa usingizi kwa swali la Wayunani wa kale juu ya merikebu ya Theseus. Magari ya mbao ya Unguja nayo yalizaliwa hivyo hivyo: seremala aliunda bodi na mabenchi juu ya chasisi ya lori lililotoka ng'ambo, na hakuna aliyesema kwamba gari hilo si la Unguja. Chasisi ndiyo mkuku wa lori. Madhali chasisi i nzima, haikupinda wala haikupasuka, na lori linafanya kazi iliyolizaa, kulifunga injini ngeni si kulinajisi. Ni kulirudisha kazini.

Msemaji wa tatu ndiye wa hatari, kwa sababu huonekana kuwa rafiki wa kazi yenyewe. Huyu si adui wa kuchinja. Ni mchinjaji wa nusu. Hutwaa katika gari jipya kile kinachovuma, akaacha kile kinachozuia.

Na uchukuliwe mfano. Bedford la aina ya TJ, lori lenye pua, lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Tuseme limebaki na chasisi njema, na injini yake ya petroli ya silinda sita, yenye ujazo wa lita 4.9, imekwisha. Kando yake pana Isuzu Forward lililopinduka, lenye injini ya dizeli ya 6BG1: silinda sita, lita 6.5, na pampu ya mafuta isiyojua kompyuta. Uchaguzi ni mzuri. Injini hiyo huvumilia, hula dizeli kidogo kuliko ile ya petroli ilivyokuwa ikila mafuta yake, na mafundi wa Kanda ya Ziwa wanaijua. Mchinjaji wa nusu huchomelea vishikizo vipya kwenye chasisi, huishusha injini, huunga propela, hujaza maji, hupiga stata. Lori hunguruma, watoto hushangilia, mwenye mali hulipa.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Injini ya petroli inapofyonza hewa huacha utupu katika njia yake ya hewa, na katika magari ya namna hiyo utupu huo ndio unaokisaidia kifaa cha breki kuuongezea nguvu mguu wa dereva. Injini ya dizeli haina kizibo cha hewa cha namna ile. Utupu huo haipatikani kwayo. Pasipo pampu ya utupu, au mfumo mwingine wa breki, kifaa kile hubaki pambo. Pedali huwa ngumu kama jiwe, na tani tano za mpunga husimamishwa kwa nguvu ya goti la mtu. Tena injini mpya ni nzito kuliko ya zamani, nayo imekalia springi za mbele zilizochoka tangu enzi ya pamba. Umeme wa Bedford ni wa volti 12, wa Isuzu ni volti 24: balbu, honi na geji za zamani zikiunganishwa kwa pupa huungua, na lori huingia usiku likiwa kipofu. Likifungwa difu la nyuma la Isuzu na ekseli ya mbele ikabaki ya Bedford, magurudumu ya mbele na ya nyuma huenda yasilingane njugu, na tairi moja ya akiba haitoshi.

Hayo yote yana dawa, na dawa imelala palepale, katika gari lililochinjwa. Isuzu lile lina kompresa, matangi ya upepo, valvu na ngoma za breki zilizopimwa kwa nguvu ya injini ileile. Lina rejeta inayoweza kuipoza. Lina betri mbili na nyaya zake. Fundi mwenye dhamiri huvitwaa vyote, tena huanza na breki kabla ya kuigusa injini. Mchinjaji wa nusu huviacha kwa kuwa breki hazina mlio. Hapana mteja anayekuja gereji kusifu kimya cha lori lililosimama.

Na anayelipia si yeye. Kabla ya daraja, kila lori la Sengerema lililokwenda Mwanza kwa njia ya Busisi lilipaswa kuuteremka mteremko wa gati, kusimama mbele ya maji, kisha kuingia kivukoni kati ya magari na watu. Mahali pale hapakuwa na nafasi ya pedali ngumu. Leo maji hayangoji tena pale, lakini vilima vipo, minada ipo, watoto wa shule wapo kando ya barabara, na juu ya magunia bado huketi wapakizi wasio na mkanda wala bima. Lori lenye nguvu mpya na breki za kale ni deni analokopa tajiri akalilipa maskini.

Msomaji wa mashairi atakuwa amekwisha kuwatambua watu hawa watatu, kwani aliwahi kukutana nao penginepo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, akaeleza vina na mizani kwa utaratibu uliowafaa watu wengi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilohilo linalooga kingo za Sengerema, alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kimapokeo. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Ugomvi uliowaka haujazimika hata leo. Walinzi wa asili walisema huo si ushairi wa Kiswahili. Wauza chakavu walisema utenzi umepitwa na wakati, upelekwe makumbusho. Wote wawili walikosea kwa namna moja: walitazama chuma kimetoka wapi, wasitazame gari linabeba nini.

Lakini aliyeudhuru ushairi zaidi ni yule wa tatu. Alisoma Kichomi akaona jambo moja tu, kwamba vina vimeondoka. Akatwaa uhuru, akaacha kilichoushika uhuru huo: picha iliyofikiriwa, pumzi ya msemaji, mapigo ya sentensi, na ujasiri wa kunyamaza mahali pake. Hiyo ndiyo injini bila breki. Kezilahabi hakuondoa mizani akaacha pengo. Aliweka kizuizi kingine mahali pake, na kwa hiyo mstari wake husimama pale autakapo usimame. Nyerere naye alipoifasiri Julius Caesar mwaka 1963 alitwaa kwa Shakespeare mistari isiyo na vina, akatwaa pamoja nayo uzito wa hotuba unaoibeba. Hakuchinja nusu.

Tena hakuficha. Jina la mwenye gari la kwanza lilikuwa pale jaladani. Hili ni fundisho la mwisho, nalo linawahusu mafundi na wafasiri sawasawa. Kadi ya usajili wa gari Tanzania huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Anayebadili injini anapaswa kuijulisha mamlaka ili kadi iseme kweli, na anayenunua gari la kuchinja anapaswa kuliulizia nyaraka, asije akafunga mali ya wizi chini ya boneti yake. Wako wanaoona hilo ni usumbufu wa karani. Kumbe ndiyo tofauti ya mwenye kuunga na mwizi. Mfasiri anayetoa shairi la mtu akalipa jina lake, na mtungaji anayebeba beti za wazee bila kuwataja, wana gari lenye kadi ya uongo; litatembea mpaka siku litakaposimamishwa.

Basi wale wanaotaka kulitetea lori la Sengerema, au bahari za kale za ushairi, wasilitetee kwa machozi. Wakague chasisi kwanza: ikiwa imepasuka, waiache, kwani hapana injini inayoponya mkuku uliooza. Ikiwa i nzima, wachague gari la kuchinja linalolingana nayo kwa uzito na kwa kazi, si lile lenye mlio mkubwa. Wavitwae vyote vinavyokwenda pamoja, breki kwanza. Waandike walichotwaa na walikokitwaa. Kisha walipakie lori magunia yake, walipandishe kilima, waliteremshe, na katikati ya mteremko dereva aweke mguu juu ya pedali. Ubishi wote juu ya kipya na cha kale utajibiwa hapo.