Wivu si kipimo cha DNA

KIBARAZANI
Na Salum Makame

Zikitajwa takwimu za DNA tu, vijiwe vya kahawa huchemka wiki nzima. Mwaka 2016 ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilipoeleza kuwa karibu nusu ya wanaume waliopimwa walikuta watoto si wao, mitaani habari ikageuka: nusu ya akina baba wa Tanzania wamebambikiwa. Hesabu gani hiyo? Anayekwenda kupima ni yule ambaye moyo umekwisha kuingia doa. Mwanaanthropolojia Kermyt Anderson, aliyekusanya tafiti za nchi mbalimbali mwaka 2006, alikuta tofauti kubwa: kwa wanaume wasio na shaka, watoto wasio wa damu yao hawakufika 2 kati ya 100, kwa wenye shaka, walikaribia 30.

Shaka yenyewe ina mizizi mirefu. Mama haulizwi, mimba ameibeba mwenyewe. Baba huamini tu. Wanaochunguza mageuzi ya binadamu wanasema wivu wa mume ulikulia hapo, ukimlinda asije akamwaga jasho kwa mtoto wa mwingine. Wazee wetu waliliona tatizo hilo mapema, wakalifunga kwa kauli moja, kitanda hakizai haramu, na kesi ikaishia barazani. Maelezo ya wataalamu nayakubali. Ninachokataa ni mtu kumzaba mkewe kibao kisa ujumbe wa simu, halafu anatuambia ndivyo wanaume tulivyoumbwa.

Kama ni kuumbwa, twende hadi Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe na Wadatoga kwa ujirani. Baba wa Kihadzabe hulala na mwanawe, humbeba, humlisha, humbembeleza akilia. Mdatoga kwa desturi hula na wanaume wenzake na hulala mbali na kichanga. Malezi ya umri huo ni ya akina mama. Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walichukua mate ya wanaume wa pande zote mbili wakapima testosteroni, ile homoni ya kiume. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Kwa Wahadzabe, akina baba walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, hapakuwa na tofauti. Yaelekea mwili wa mwanamume hautulizwi na kuzaa, unatulizwa na kulea. Hilo nalo ni umbile letu, ila sijasikia mtu akilitetea kijiweni.

Na kulea kunataka muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa baba likizo ya siku 3. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, ni wiki 2. Siku 3 zinatosha kumtoa mzazi hospitali, kununua beseni na kupokea wageni. Siku ya nne baba yuko kwenye daladala alfajiri, na akirudi mtoto amelala. Waheshimiwa wabunge wanaopenda kutuhutubia kuhusu maadili ya familia wangeanzia hapo.