Mwenye Lori Yuko Wapi?

Ndugu wanachama, kila tusikiapo habari ya ng'ombe walioibwa, picha inayotujia ni ya kijana wa porini mwenye bunduki. Magazeti yaandika hivyo na wakubwa wasema hivyo mikutanoni. Sikatai kwamba kijana huyo yuko. Mwezi wa Novemba 2012 askari polisi zaidi ya 40 waliuawa karibu na Baragoi walipokwenda kutafuta mifugo iliyoibwa, na hao hawakuuawa na hadithi. Lakini liko swali moja ambalo sisi watu wa lori, wa soko na wa kichinjio twaweza kulijibu kuliko askari yeyote. Ng'ombe hao huenda wapi?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Ng'ombe waliibwa ili kulipa mahari, au kujaza boma lililokwisha kwa ukame. Walibaki hai, wakaonekana, wazee wakafuata nyayo, na pengine walirudishwa. Siku hizi sivyo. Mzee mmoja wa Leparua, huku kwetu Isiolo jirani na Lewa, alinieleza jinsi yeye na vijana wake walivyofuata nyayo za ng'ombe wao usiku kucha. Nyayo zilifika barabarani zikakoma. Hapo palikuwa na mavi mabichi na alama za magurudumu. Mzee akaniambia, "Nyayo za ng'ombe nazijua tangu utoto wangu. Za lori sijui kuzifuata." Wakarudi nyumbani.

Basi na sisi tunaojua za lori tuseme.

Mwenye bunduki hana lori. Hana kibali cha daktari wa mifugo, hana kibanda sokoni, hana mteja Nairobi. Akibaki na ng'ombe 30 porini siku tatu atapatikana. Kwa hiyo yuko bwana mwingine ambaye hashiki bunduki wala hakanyagi tope. Huyo hununua ng'ombe kwa bei ya kutupa, pesa hutumwa kwa simu, na lori huwa limekwisha kungoja. Tena bwana huyo ni mfanya biashara wa kweli. Ana ng'ombe wake halali, na kibali chake ni halali. Ujanja ni katika kuchanganya. Kibali kimeandikwa ng'ombe 20, nao 20 wamo, ila 9 kati yao si wale daktari aliowaona. Au kibali cha juzi hutumika tena leo kwa sababu hapana mtu aliyekipiga mhuri njiani. Kutoka Isiolo mpaka Nairobi ni kama kilometa 280, lami tupu. Lori likiondoka jioni, alfajiri liko kichinjioni, na kabla ya saa nne asubuhi chapa ya mwenye ng'ombe imo katika rundo la ngozi. Nyama haina chapa.

Tazameni sasa faida inavyokwenda. Bwana huyo aweza kuuza kwa bei ambayo mchuuzi mwaminifu haiwezi, maana mchuuzi mwaminifu alinunua ng'ombe wake sokoni Oldonyiro kwa bei ya haki. Baada ya miezi michache mwaminifu ana deni, na anayemkopesha ni yule yule. Mwaka wa pili lori lake limebadilisha jina. Duka linafunguliwa, nyumba za kupanga zinajengwa, watu wanamwita mheshimiwa, naye anachangia harambee. Wezi hawakuivunja biashara kwa nguvu. Waliingia kwa mlango wa mbele, wakakaribishwa chai.

Na siku lori likikamatwa? Nani yuko ndani? Dereva na tanboi. Mwenye lori atasema hakujua, na mwenye mali hatajulikana ni nani. Sheria ya Jinai, kifungu cha 278, yampa mwizi wa mifugo kifungo kisichozidi miaka 14. Kifungu cha 322 chatoa miaka 14 hiyo hiyo kwa mwenye kupokea au kushughulikia mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Wako ndugu wasemao, "Mimi ni dereva tu, sikuiba." Ndugu, ukipakia ng'ombe saa saba ya usiku kando ya njia, bila kibali, na ukalipwa mara tatu ya siku zote, hakimu atakuuliza ulifikiri ni safari ya harusi?

Lakini sisemi hayo ili kumlaumu dereva. Nilipokuwa tanboi, tajiri mmoja alituamuru kupakia usiku namna hiyo. Dereva wangu akakataa. Asubuhi aliambiwa kazi imekwisha, na kwa kuwa alikuwa kibarua wa kulipwa kwa safari, bila karatasi yoyote, hakuwa na la kushika. Mimi nilikaa kimya kwa sababu ya mshahara wangu. Mpaka leo naona haya.

Hapo ndipo ulipo ubovu. Mtu asiye na mkataba hawezi kukataa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Nayo yasema, katika kifungu cha 46, kwamba mfanya kazi kumshtaki mwajiri wake si sababu ya haki ya kumfukuza, isipokuwa mashtaka hayo hayana msingi. Ni wangapi kati yetu wana karatasi hiyo?

Wala msidhani ni mambo ya ng'ombe na ya kaskazini peke yake. Mwaka 2015, mwezi wa Aprili, wenye forodha wa Thailand walikamata zaidi ya tani 3 za meno ya ndovu, na mwezi wa Mei wenzao wa Singapore wakakamata tani 3.7. Shehena zote mbili zilitoka Kenya, zikiwa zimeandikwa majani ya chai. Chai ni biashara safi inayolisha maelfu ya wachumaji. Nao Mungiki, ambao serikali iliwapiga marufuku mwaka 2002, walikuwa wakitoza matatu fedha katika vituo vya Nairobi, na makanga asiyelipa alipigwa.

Hata vyama vya wafanya kazi havikupona. Teamsters, chama cha madereva wa malori cha Marekani, kiliingiliwa na magenge hata fedha za uzeeni za wanachama zikakopeshwa nyumba za kamari za Las Vegas. Kiongozi wao wa zamani, Jimmy Hoffa, alitoweka mwaka 1975 na hajaonekana mpaka leo. Mwaka 1989 chama kikawekwa chini ya uangalizi wa mahakama. Kwa hiyo bwana mwenye lori akija na mchango mnono kwa tawi letu, mweka hazina aulize kwanza umetoka wapi.

Najua watakaosema dawa ni vibali vingi zaidi. Sikubali. Kibali kigumu humchelewesha mama mwenye mbuzi wawili, naye bwana mkubwa hununua mhuri. Wala tusikubali maneno ya kusema wizi ni wa kabila fulani, maana nimeona lori moja lenye makabila manne, na wote wakagawana.

Ninayopendekeza ni haya. Tawi lidai kila dereva na tanboi wa mifugo apewe mkataba wa maandishi. Kibali kiandike chapa za ng'ombe, si hesabu tu, na nakala ibaki kwa dereva. Lori likikamatwa, mwenye lori aitwe kituoni kabla dereva hajafikishwa mahakamani. Na mwanachama akifukuzwa kwa kukataa mzigo, chama kimlipie wakili.

Jambo hili litaletwa katika mkutano wa tawi ujao. Mwenye nakala za vibali vya zamani, hata zilizochakaa, azilete.