Marubani wa simu tuko wangapi?

Ndugu zangu, mwaka 2022 Microsoft ilitangaza kwamba Flight Simulator, mchezo wake wa kurusha ndege uliotoka 2020, umepita wachezaji milioni 10. Sawa. Ila hapo hata aliyefungua mara moja akachoka anahesabiwa.

Na sisi wa Rusizi je? Kambini tuko vijana saba kwa simu moja, kioo kimepasuka. Mchezo wetu wa ndege tulirushiwa na rafiki, hakuna duka lililotuandika. Kila jioni tunapokezana kutua. Ndege ikishuka Kamembe ya kweli, wote tunanyamaza kuiangalia.

Juzi waliandikisha masomo ya kompyuta kwa simu: namba moja, jina moja. Sita wakabaki nje. Wapendwa wa mashirika, njooni jioni mhesabu vichwa.