Tanga la Kichina: Nafuu kwa wavuvi wa Mtwara au mzigo mwingine?

KWA mwenye mashua ya injini pale Msimbati au Msangamkuu, hesabu ya siku huanza na petroli. Bei ya lita moja ilivuka shilingi 3,000 mwaka 2022, hadi Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo. Ruzuku ilipita, lakini mvuvi aliona wazi kwamba faida ya injini iko mikononi mwa soko la mafuta la dunia.

Tuchukue mfano. Injini ndogo ikitumia lita 10 kwa safari, kwa bei hiyo ni shilingi 30,000 kila chombo kinapotoka. Kwa safari 20 za mwezi ni shilingi 600,000. Kwa desturi ya pwani yetu, fedha za mafuta hutolewa kwanza, ndipo ufanyike mgawo wa chombo, nyavu na mabaharia. Siku ya kukosa samaki, linalobaki ni deni kwa tajiri aliyekopesha mafuta. Na tajiri huyo mara nyingi ndiye anayenunua samaki, kwa bei anayoipanga mwenyewe. Hapo ndipo umaskini wa mvuvi ulipo, kuliko hata uchache wa samaki.

Je, tanga linaweza kumtoa huko? Tanga letu la pembetatu lina sifa yake, kwani linakwenda joshi vizuri. Lakini lina kasoro mbili. Mashua inapopiga bisho, foromali huhamishiwa upande wa pili wa mlingoti, kazi inayotaka watu na nguvu. Pili, si rahisi kulipunguza chombo kikiwa baharini. Kusi ikichacha mwezi Julai, nahodha hubadilisha tanga dogo au hubaki nchi kavu, na siku ya kubaki nchi kavu haina mapato.

Tanga la Kichina hugawanywa kwa fito za mianzi kutoka mbele hadi nyuma. Upepo ukizidi, henza inalegezwa, tanga linashuka kipande kimoja au viwili, na safari inaendelea. Chombo kikigeuka, tanga hujigeuza lenyewe, hivyo mtu mmoja anatosha. Kwa kuwa fito na kamba nyingi hugawana nguvu ya upepo, hata kitambaa cha bei nafuu hudumu, na kikichanika pasuko huishia kwenye ufito.

Jambo hili si geni kabisa pwani hii. Merikebu za Zheng He zenye matanga ya namna hiyo zilifika Afrika Mashariki karne ya 15, enzi ambazo Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, mwaka 1415. Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake kwa tanga hilo katika mashindano, akashika nafasi ya pili.

Hata hivyo, mvuvi asikimbilie kuchana tanga lake. Mlingoti wa Kichina kwa kawaida husimama bila kamba za kuuegemeza, hivyo unataka shina nene na kikalio imara. Mashua pana inaweza kuimarishwa na fundi. Ngalawa, kwa maoni yangu, iachwe ilivyo, kwani ni nyembamba na uzito ukiwa juu utaielemea. Kamba zinazohitajika ni ndefu mara kadhaa, na kamba ni fedha. Tena tanga hili likishonwa bapa, haliwezi kushindana na la kwetu kwenda joshi. Fito nazo zisitafutwe kwenye mikoko, hasa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000.

Wala injini isitupwe. Samaki wabichi hawasubiri upepo, na mama anayekaanga samaki pwani naye hasubiri. Lakini umande wa alfajiri unatoa chombo, na upepo wa bahari wa alasiri unakirudisha. Injini ikiwashwa siku za shwari tu na mafuta yakapungua nusu, katika mfano wetu ni shilingi 300,000 zinazoingia kwenye mgawo kila mwezi.

Mahali pa kuanzia ni mashua moja ya mizigo, ambayo haina haraka ya samaki kuoza. Kikundi cha vijana kinaweza kuombea mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fundi apewe kazi wakati wa maleleji, kusi ikiisha na kaskazi haijaanza, na matumizi ya mafuta yaandikwe daftarini kila safari, kabla na baada ya tanga jipya.